Gitaa Lililoota Moto

Ukimpelekea Fundi gitaa bovu, hakuligusa. Alilaza bisibisi yake mezani, akaweka mikono yote miwili mapajani, akakutazama, akauliza, "Umefanya nini?" Hakuuliza gitaa lina nini. Aliuliza wewe umefanya nini. Na mpaka ujibu, tena ujibu jibu la kumridhisha, mikono ile haikutoka mapajani. Nimewaona watu wazima wakimfokea kwamba wamekuja kutengenezewa, hawakuja kuhojiwa. Aliwaacha wafoke mpaka wachoke, kisha akawauliza tena.

Kibanda chake kilikuwa Sirari, nyuma ya uwanja ambapo malori husubiri karatasi zao kabla ya kuvuka kwenda Isebania. Upande mmoja alipakana na ofisi ya wakala wa forodha, upande wa pili na mama mmoja mbadilisha fedha aliyekuwa na kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo. Sijui kama mkoa wote wa Mara kuna mahali penye kelele kama pale, na pale ndipo mtu anayeishi kwa masikio yake alipochagua kukaa. Siku moja nilimuuliza kwa nini asitafute mahali palipotulia. Alisema ukimya unamdanganya fundi. Ukikisikia kitu katikati ya honi za malori, basi kweli umekisikia.

Alitengeneza amplifaya, vinanda na spika za makanisa, lakini kilichompa jina ni magitaa. Siyo yale bapa ya bendi. Ni yale ya mbao yenye tumbo, yanayoweza kulia yenyewe sebuleni na pia yakachomekwa waya yakalia kwenye spika. Kwaya zetu za Tarime na Serengeti zinayapenda, na karibu yote huugua ugonjwa mmoja: ukilipiga mkononi linalia vizuri, ukilichomeka linanong'ona. Watu waliyabeba kutoka Mugumu, kutoka Nyamongo, wengine wakivuka mpaka, na wote walikaa kwenye benchi moja wakisubiri kuulizwa swali lile.

Namkumbuka dereva mmoja wa lori, Mkenya, mcheshi, aliyekuwa akipiga gitaa njiani kujiliwaza.

"Mzee, hii gitaa imenisumbua sana," alisema. "Sauti iko chini kabisa. Na nimejaribu kila kitu."

"Kila kitu ni vitu gani?"

"Yaani, si unajua. Kila kitu."

"Taja."

Dereva alitaja betri, akataja spika, akataja hata hali ya hewa. Fundi akasubiri. Mwishowe yule bwana akacheka, akajikuna kichwa. "Sawa, mzee. Hiyo waya, mlango wa gari ulikataa kufunga, nikaufunga nayo. Kutoka Nakuru mpaka hapa."

"Haya," Fundi alisema, akiinua bisibisi. "Sasa tunaweza kuanza."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Hakuyasema kabla mtu hajasema kosa lake, na hakuacha kuyasema baada ya mtu kulisema. Aliyasema bila dharau na bila ushindi, na nimeona nyuso za watu zikilegea wakiyasikia, kama mgonjwa aliyeambiwa ugonjwa wake una dawa. Mimi mwenyewe niliwahi kuyasikia, na uso wangu ulilegea, ingawa sikustahili. Nitafika huko.

Alikuwa na imani moja kuhusu kazi yake, kwamba sauti haipotei. Imezuiliwa mahali. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kutembea njia yote ambayo sauti inapita mpaka aikute imekwama wapi. Aliitembea kweli, kwa kidole chake cha shahada, huku akitaja vituo: kidole cha mpigaji, uzi, mfupa unaobeba nyuzi, kinasa kilicholala chini ya mfupa, kisanduku cha ubavuni chenye betri, tundu, waya, mixa, spika. Hakuruka kituo hata kimoja, hata kama tatizo ulikuwa unaliona kwa macho. Betri aliipima kwa ulimi. Alichomoa ile ya mraba, akagusisha ncha zake ulimini, akafumba jicho moja, akasema "imelala" au "iko macho."

Kuna kwaya moja ya Manchira iliyomjia mara tatu kwa betri. Kila betri mpya iliyowekwa Jumapili, Jumapili iliyofuata ilikuwa imekufa, na wanakwaya walikuwa wameshaanza kumtazama mmoja wao kwa jicho baya, wakisema kuna mkono wa mtu. Walifunga na kuomba. Fundi aliwahoji mmoja mmoja mpaka mama mmoja wa sauti ya tatu akasema kwamba baada ya ibada huwa wanalifunika gitaa kwa kitambaa cha madhabahu likiwa vilevile, waya ukiwa umechomekwa, lisije likapotezewa waya wake.

"Likiwa limechomekwa linakula betri," Fundi aliwaambia, "hata kama mpigaji amelala kwake. Kuombea ni vizuri. Na waya mchomoe."

Siku nyingine kanisa fulani la Mugumu lilimwita, akaenda, jambo alilolifanya kwa nadra. Gitaa lilikuwa zima, waya ulikuwa mzima, kila kitu kilikuwa kizima, na bado Jumapili halikusikika. Aliuliza swali lake kwa kwaya nzima. Hakuna aliyefanya kitu. Akakaa kwenye benchi, mikono mapajani, akasema yeye hana haraka, mbuzi wake wana wa kuwachunga. Baada ya muda, mzee wa kanisa mmoja, mtu wa heshima zake, akainuka akasema polepole kwamba kila Jumapili, wakati wa sala ya kufungua, yeye hupita nyuma ya mixa akaishusha sauti ya gitaa, kwa sababu linampa kizunguzungu na linamkumbusha baa. Kwaya iligeuka kumtazama kama kuku anavyomtazama mwewe. Fundi akamshukuru, akasema maneno yake, akapandisha kitufe, akaondoka bila hata kufungua begi la vifaa.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa lolote. Alishika mila za wazee wake na hakubishana na mtu. Lakini alijua kwaya zote za wilaya mbili, nani ana besi nzuri, nani anaimba chini ya ufunguo, na Jumapili alikaa nje ya kanisa la jirani, kwenye jiwe, akisikiliza spika alizozitengeneza. Nyumbani hakuwa na redio. Mkewe, mama mpole aliyemletea chakula kibandani, aliniambia siku moja kwamba mumewe akifika nyumbani hataki hata kuku walie. Alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa mbao. Nilimwona wakati mvua inavuja kibandani akivua koti lake akalifunika gitaa la mtu asiyemjua, yeye akalowa.

Na kuomba radhi hakujua, kwa sababu hakuhitaji. Tarime nzima, Serengeti nzima, watu walisema Fundi hakosei. Akisema ni tundu, ni tundu. Akisema ni waya, kata waya utaona. Nililiamini hilo kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Mimi ni mtu wa Natta. Gitaa nililompelekea lilikuwa la kaka yangu. Kaka alifua mashuka kwenye kambi moja ya watalii huku kwetu, na jioni alivaa shati safi akawapigia wageni wakati wanakula. Alilinunua gitaa lile Isebania, na lilipofika nyumbani mama alilipokea mlangoni kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea mtoto. Kaka alipiga kambini, alipiga kanisani, alipiga uani huku mama anapepeta. Kisha homa ikamkamata, na wiki ya pili tukamzika. Hakuwa na mke wala mtoto. Alituachia shati lile na gitaa.

Nikaanza kupiga mimi kanisani. Sikuwa hodari kama yeye, lakini gitaa lilikuwa lile lile, na watu walisema ukifumba macho unadhani yupo. Mama hakujua kupiga kabisa. Ila kila asubuhi akimaliza kufagia uani alilitoa gitaa kwenye begi lake, akaketi kwenye kigoda, akalilaza mapajani, akakwangua kwa dole gumba uzi mmoja tu, ule mnene. Kisha akainama akaweka sikio kwenye mbao mpaka mlio uishe wote. Akalirudisha. Sikuwahi kumuuliza anafanya nini, nilijua. Alikuwa anamsalimia mwanawe.

Baada ya masika, sauti ya gitaa kwenye spika za kanisa ikaanza kushuka. Haikukatika, ilififia. Jumapili hii kidogo, Jumapili ijayo kidogo tena. Nilipandisha mixa mpaka spika zikaanza kupiga mluzi. Nilibadilisha betri, nikaazima waya. Mama alikuwa na nafasi yake benchi la tatu, na siku moja tukitoka ibadani akaniambia, "Leo kaka yako hakusikika."

Nilisema, "Nitalitengeneza, mama."

"Limezubaa," alisema. "Halikuwa hivyo."

Jumapili nyingine likazubaa zaidi. Kiongozi wa kwaya akasema mtu wa kuliweza yuko Sirari. Nikafunga safari.

Fundi alilaza bisibisi. "Umefanya nini?"

Nikataja betri, waya, mixa. Akasubiri. Nikasema sina zaidi. Akavuta gitaa kwake, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu ambaye hajamaliza kusema, akainamisha pua kwenye tundu la tumboni, akavuta pumzi.

"Hii imekaa jikoni," alisema.

Kweli, lilinukia moshi. Mimi nilikuwa nimezoea harufu ya nyumbani, sikuisikia. Akachukua kipande cha karatasi, akakipitisha chini ya daraja, kile kibao kilichogundishwa juu ya tumbo kinachoshika nyuzi. Kibao hicho hakitakiwi kupitisha hata unywele. Karatasi iliingia karibu nusu.

"Umeona? Gundi imeachia. Daraja likiinuka, nyuzi hazimkandamizi tena kinasa. Naye anasikia kwa kukandamizwa. Ukimlegezea anasinzia. Moto umefanya hii. Nani ameweka gitaa kwenye moto?"

"Sijui, tata," nilisema, nikimwita baba kwa heshima ya kwetu.

"Basi nenda ukajue."

Akanirudishia gitaa. Kutoka Sirari mpaka Natta na kurudi si mwendo wa kumtania mtu, na nilimwambia hivyo. Alikuwa ameshamgeukia mwingine. Nilirudi nyumbani nimefura.

Mama alikuwa jikoni anachambua maharage. Nilisimama mlangoni na begi mgongoni. "Mama, gitaa uliliweka kwenye moto?"

Akatabasamu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alitabasamu.

"Ehe. Nimeliotesha moto kidogo, siku tatu. Si lilikuwa linasikia baridi?" Akanieleza, kwa furaha, kama mtu anayetoa siri nzuri, kwamba baba yake alikuwa mpiga ngoma, na ngoma ikizubaa huisogeza karibu na moto mpaka ngozi ikaze, na ikikaza inaamka. Wao watoto ndio waliokuwa wakiigeuza isiungue. Aliligeuza gitaa namna ile ile, kwa uangalifu, huku na huku, akiligusa tumbo kwa kiganja asije akalichoma.

Nilimwambia neno. Nitalisema, lakini bado halijanikaa mdomoni. Mama aliweka ungo chini, akasimama, akatoka nje kwenda kufunga mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa tayari.

Kesho yake nilirudi Sirari. "Ni mama," nilisema. "Aliliotesha moto kama ngoma."

Fundi hakucheka. Watu wawili kwenye benchi walicheka. Yeye aliitikia kwa kichwa, akainua bisibisi, akasema, "Haya. Sasa tunaweza kuanza." Na uso wangu ukalegea. Kosa lilikuwa limesemwa, na halikuwa langu.

Alililegeza nyuzi zote, akalibandua daraja pale lilipokuwa bado limeshika kwa kisu chembamba na maji ya uvuguvugu, akakwangua gundi ya zamani, akapaka yake, akalibana kwa vibano vitatu na kulilaza siku mbili. Mfupa aliusugua chini mpaka ukakaa sawasawa juu ya kinasa. Alipolichomeka, honi ya lori ikiwa inalia nje, gitaa lilifika. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Hakusema sauti ni kubwa au ndogo, alisema imefika au haijafika. Nililia pale kibandani, na mama mbadilisha fedha akanipa leso yake.

Wakati naondoka Fundi alisema, "Mwambie mama yako lisikae karibu na moto."

Alisema lisikae karibu na moto. Mimi nikasikia lisikae karibu na mama.

Nilichongesha sanduku la mbao, nikaliweka gitaa humo, nikapiga kufuli. Ufunguo niliufunga pamoja na ufunguo wa pikipiki, nikauvaa kiunoni. Mama aliliona sanduku, akaliona kufuli, hakuomba ufunguo. Asubuhi iliyofuata alifagia uani kama kawaida, akaketi kwenye kigoda kile kile, akaweka mikono mapajani ikiwa mitupu. Akakaa muda ule ule aliozoea kukaa. Kisha akainuka akaendelea na kazi. Alifanya hivyo asubuhi nyingi. Nilimwona nikipiga mswaki, nikaona ni sawa tu, atazoea. Kanisani alihama benchi la tatu, akakaa nyuma karibu na mlango. Nilipomuuliza alisema huko kuna upepo.

Hatukugombana. Alinipikia, aliniombea, aliniuliza habari za safari. Lakini la gitaa halikusemwa tena nyumbani mwetu kwa miaka minne, na mwaka wa nne, wakati wa palizi, kifua kilimbana. Tulimpeleka hospitali, tukarudi naye, tukampeleka tena. Siku zile za mwisho nilikaa kando ya kitanda chake, ufunguo ukiwa kiunoni. Ningeweza kumletea gitaa. Niliwaza kumletea. Nikasema akipata nafuu.

Habari kwamba Fundi amefunga kibanda nilizipata kwa wanakwaya wa Tarime. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, hawezi tena kushika bisibisi, amerudi kijijini kwake juu milimani, kwenye migomba. Nilienda kumsalimia. Nilibeba gitaa, kwa sababu sikujua namna ya kwenda kwa yule mzee bila gitaa.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, blanketi miguuni. Mikono ilikuwa mapajani pale pale, ila sasa ilitetemeka kama ya mtu mwenye baridi.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Wewe ni yule wa Natta," alisema. "Mtoto wa mama wa ngoma. Nimekungoja, mura, kijana wangu."

Nilidhani ni maneno ya ugonjwa. Mkewe alileta kigoda na chai ya maziwa, akatuacha. Fundi aliniachia ninywe kidogo, kisha akasema kwa sauti ile ya chini ambayo hakuwahi kuipandisha.

"Baada ya gitaa yako nilipata nyingine mbili. Aina ile ile, mbao ile ile. Moja ya mhubiri, anaiweka juu ya kabati, haijui moshi. Ya pili ya mwalimu. Zote daraja imeinuka. Nikaingiza karatasi, ikaingia nusu. Ni gundi yao, mura. Gundi mbaya, joto la kwetu haiwezi."

Nikasema labda na zile ziliwekwa jikoni.

"Niliwauliza. Na mimi nikajiuliza. Mama yako alianza lini kuotesha gitaa moto?"

"Baada ya..." nikaanza.

"Sema."

"Baada ya sauti kupungua."

"Ehe. Mtu anaotesha ngoma moto kwa nini? Kwa sababu imeshazubaa. Haioteshwi ngoma nzima. Ugonjwa ulikuwa umeingia zamani, yeye alikuwa anatafuta dawa." Alivuta pumzi. "Maisha yote nawauliza watu umefanya nini. Sikuuliza lini. Nilinusa moshi nikaacha kufikiri. Nilimtwisha mama wa watu kosa si lake. Mimi. Nimekosea."

Sikujua niangalie wapi. Kilichoniuma si kwamba Fundi alikuwa amekosea. Ni kwamba mimi nilijua lini. Fundi alikuwa Sirari, hakuwepo kanisani kwetu. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyezungusha mixa Jumapili baada ya Jumapili, mimi ndiye niliyeambiwa leo kaka yako hakusikika. Jibu lilikuwa kichwani mwangu siku zote zile, na sikuligusa, kwa sababu nilikuwa nimeshampata wa kumlaumu.

"Ningekuja Natta," alisema, "miguu imekataa. Na kitu kama hii hutumi mtu, hupigi simu. Unamwambia mwenyewe. Mlete mama yako. Au tafuta gari unipeleke, mke wangu atanishika."

"Mama hayupo, tata. Tulimzika wakati wa palizi."

Alifumba macho. Chai yangu ilipoa. Kisha akayafumbua, akanitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama watu kibandani, moja kwa moja, bila hasira, akauliza.

"Na wewe umefanya nini?"

Nilianza na sanduku. Nikasema kuhusu kufuli na ufunguo kiunoni. Akasubiri. Nikasema kuhusu kigoda, asubuhi zile, mikono mitupu. Akasubiri. Nikasema kuhusu siku za hospitali, kwamba niliwaza kumletea nikaacha. Akasubiri, mikono ikitetemeka mapajani, na nilijua anasubiri nini, kama alivyojua kwamba yule dereva hakuwa amemaliza.

"Siku ile jikoni," nilisema, "nilimwambia umemuua kaka mara ya pili."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Alikwenda kufunga mbuzi. Walikuwa wamefungwa."

Nilikuwa nimemaliza. Hakukuwa na kingine, sikuficha hata punje. Nikainua uso nikamtazama, nikisubiri yale maneno yake aliyowapa watu wote, dereva, mama wa Manchira, mzee wa kanisa, na mimi mwenyewe siku ile niliyoyapata kwa kosa la mtu mwingine. Niliyataka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Fundi aliniangalia. Midomo yake ilisogea kidogo, kisha ikatulia. Mkewe akaja akachukua vikombe, akaona hatuzungumzi, akarudi ndani. Gitaa lilikuwa chini kati yetu, ndani ya begi lake. Tukakaa hivyo mpaka jua likahama ukutani, na hakusema kitu.